Herufi Tano, Chini

Unga hauchagui pa kutua.
Uko kwenye kope zangu, kwenye kalenda ya mwaka juzi,
uko juu ya gazeti la leo, ukurasa wa ishirini na mbili,
ambapo nimekwama tangu saa nne.

Soko la Luanda linajua: mwenye kinu hanywi soda,
pesa ya soda hununua fumbo.
Penseli sikioni, gorogoro miguuni,
nauliza kwa mapafu yote mawili,
maana mota ikinguruma
hata salamu humu ndani ni ugomvi.

"MWENYE SHINGO NDEFU, HERUFI TANO!"
Twiga, yajibu foleni nzima. Twiga tunaye.
"MTOTO WA NYUKI, HERUFI NNE!"
Asali, asema mwenye bodaboda.
Asali ni tano, bwana, na si mtoto.
Enos wangu wa kumimina mahindi
asema nyuki hana mtoto, ana jeshi.

Lakini linaloniudhi ni la saba, kulia:
*Hindi likishapukuchuliwa.* Herufi sita.
Mimi! Miaka kumi na tisa nasaga mahindi!
Gunzi linaacha chumba kimoja kitupu,
kibunzi kinamwagika nje ya ukuta.
Nimefuta hadi karatasi imetoboka.

Nikaliacha. Nikavuta pumzi, nikapaza:
"MWANAMKE ALIYEFIWA NA"
na stima ikapotea
"MUMEWE!"

Sauti yangu ikatoka mlangoni peke yake,
ikapita mafungu ya omena, ikapita viatu vya mitumba,
ikaenda kugonga ukuta wa benki.

Unga ukashuka polepole.
Foleni ikatazama vidole vya miguu yake,
maana wa nne, na debe lake, alikuwa Perisi,
ambaye mwezi wa Novemba
tulimzikia Angatia chini ya turubai za kukodi,
na tangu hapo huja, husagiwa, hulipa, huondoka,
hanipi neno ila moja: "Laini."

Nilitamani kinu kinimeze, punje na maganda.

Akatua debe.
"Mjane," akasema. "Tano. Andika."

Nikaandika. M yangu ikaota mguu wa ziada.
Akaja akasimama nyuma ya bega langu,
akanyosha kidole chenye ufa wa jembe:
"Na hiyo J, inaanza nini huku kulia?"

"Jana!" akaruka kitoto cha Oteba, sare imekosa vifungo.
"Mwalimu alitwambia! Mtoto wa nyuki ni jana!"

"Jana?" akasema Perisi.
"Mimi nilidhani jana ni ile iliyopita tu."

Kitu kikampita usoni, sikukijua,
nami sikukiulizia idadi ya herufi.

Stima ikarudi na kelele zake.
Nikamsagia laini. Nikakataa pesa.
Akazibamiza juu ya mzani, akaondoka.

Majibu hutoka kesho yake.
Gazeti la kesho nililinunua,
ukurasa ule nikawafungia watu chumvi bila kuutazama;
lile la zamani nikalitundika msumarini,
la saba likiwa wazi kama pengo la jino.

Jumamosi, mota imepamba moto,
Perisi akaipita foleni, mikono mitupu,
watu wakaguna.
Hakupaza sauti. Aliniinamia sikioni.

"Guguta."

"Nini?"

"Guguta! Nilikaa Changamwe miaka minne
kabla sijaolewa. Huko ndivyo walivyoliita.
Wiki nzima nayachoma jikoni, nayauliza,
hayasemi. Jana jioni
likaja lenyewe, na moshi."

Nikahesabu kwa vidole vyeupe.
Nikarudia kuhesabu.
Nikalishusha gazeti, nikalikung'uta,
nikatoa penseli sikioni
nikampa. Aandike mwenyewe.